Vitonge vya biskuti: Kitamu cha sikukuu kisichohitaji oveni wala moto

Mkesha wa Krismasi jiko la nyumba nyingi si mahali pa mtoto. Sufuria ya pilau ipo motoni, mafuta ya kukaangia yanachemka, jiko la mkaa limewekwa mlangoni lipate upepo, na kila baada ya dakika mbili inasikika sauti ikiwaambia watoto watoke wakacheze nje. Wao ndio wanaoisubiri sikukuu kuliko mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba, lakini kazi wanayopewa ni moja tu: kukaa mbali.

Kuwafukuza huko kuna sababu. Ajali nyingi za kuungua kwa watoto wadogo hutokea nyumbani, na kinachowaunguza mara nyingi si moto wenyewe bali kimiminika cha moto: chai, uji, maji ya kuoga, mafuta. Hata kashata, ambazo mama wengi wangependa kuwafundisha watoto wao, huanza na sukari iliyoyeyushwa motoni. Sukari hiyo ikimdondokea mtoto hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza.

Ndiyo maana vitonge vya biskuti vinastahili nafasi mwaka huu. Ni biskuti zilizosagwa, zikakandwa na maziwa mazito, zikaviringishwa kiganjani kama tonge la ugali, kisha zikagaragazwa kwenye nazi au kakao. Hakuna oveni, hakuna mafuta, hakuna kiberiti. Mtoto wa miaka mitano anaweza kushiriki tangu mwanzo hadi mwisho.

Hata hivyo, kukosekana kwa moto kuna upande wa pili ambao video nyingi za mapishi hazigusii. Moto ndio unaoua vijidudu kwenye chakula. Kitu kisichopita motoni kitaliwa pamoja na chochote kilichokuwa kwenye mikono, kwenye bakuli na kwenye viambato vyenyewe. Kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na jiko, hapa lazima ifanywe na sabuni na macho ya mzazi.

Vitonge, si vidonge

Kitamu cha aina hii kipo sehemu nyingi duniani. Wafaransa wana vitonge vya chokoleti walivyovipa jina la uyoga wa bei mbaya unaochimbwa ardhini, kwa sababu vinafanana nao. Wabrazili wana brigadeiro, inayopikwa kwa maziwa mazito ya kopo na kakao, na jina lake linahusishwa na Brigedia Eduardo Gomes aliyegombea urais wa nchi hiyo mwaka 1945. Wamarekani husaga biskuti za chokoleti wakazichanganya na jibini laini, kisha wakazichovya kwenye chokoleti iliyoyeyushwa. Hapa kwetu jibini hilo lina bei kubwa na huharibika haraka likikaa nje ya friji, kwa hiyo maziwa ya kopo yanafaa zaidi.

Jambo dogo kuhusu jina. Nyumba nyingi zitataka kuviita "vidonge vya biskuti". Ni afadhali kuliacha jina hilo. Mtoto wa miaka mitatu anayeambiwa vidonge ni vitamu vya Krismasi hatashindwa kufungua pakiti ya dawa za bibi akidhani ni vile vile. Kwa sababu hiyo hiyo wataalamu wa afya huwasihi wazazi wasimwite mtoto kunywa dawa kwa kumwambia ni pipi.

Namna ya kuvitengeneza

Kwa vitonge kama 30 unahitaji gramu 200 za biskuti za kawaida za chai, gramu 200 za maziwa mazito matamu ya kopo (yale ya majimaji, siyo ya unga), vijiko viwili vya chakula vya kakao, nusu kikombe cha nazi kavu iliyokunwa, na chumvi ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Weka pembeni nazi nyingine kidogo ya kugaragazia. Kopo kubwa la maziwa huwa na karibu gramu 400, kwa hiyo utatumia nusu. Inayobaki ihamishie kwenye chombo chenye mfuniko na kuiweka kwenye friji, usiiache ndani ya kopo lililokwisha kufunguliwa.

Soma lebo ya kakao kabla ya kununua. Kuna unga halisi wa kakao, zao linalolimwa kwa wingi kule Kyela, na kuna unga wa kinywaji cha chokoleti ambao sehemu kubwa yake ni sukari. Ukitumia wa pili, vitonge vitakuwa vitamu kupita kiasi na havitakuwa na ladha ya kakao.

Kusaga biskuti ndiyo kazi watoto wanayoipenda kuliko zote. Zifunge ndani ya kitambaa safi cha jikoni, mpe mtoto mpini wa kusukumia chapati, aziponde. Kinu na mchi vinafanya kazi nzuri pia, mradi kisiwe kile kinachotwangia kitunguu saumu, maana harufu yake haitoki hata ukikisugua mara tatu. Chembe chache zikibaki kubwa kiasi cha punje ya mchele si tatizo, ila vipande vikubwa huvipasua vitonge wakati wa kuviringisha.

Changanya vitu vikavu kwanza, kisha mimina maziwa kidogo kidogo huku ukikanda. Usimimine yote kwa mara moja, kwani biskuti hazinywi maziwa sawasawa. Unatafuta donge linaloshikana ukilibana, lakini lisilobaki kwenye kiganja. Likiwa laini sana, ponda biskuti nyingine uongeze. Likimeguka, ongeza kijiko cha maziwa. Lifunike na kuliweka kwenye friji nusu saa, kisha kila mtoto achote kiasi cha kijiko kimoja cha chai kilichojaa, aviringishe na kugaragaza kwenye nazi. Asiye na friji asikate tamaa: akande donge likiwa kavu kidogo na kuviringisha papo hapo, asubuhi kabla joto halijapanda.

Wapo watakaotaka kuvichovya kwenye chokoleti kama wanavyoona kwenye picha. Inawezekana, ila bakuli la chokoleti huwekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, na hiyo ni kazi ya mtu mzima. Isitoshe, chokoleti huyeyuka kwenye joto lililo chini kidogo ya joto la mwili. Desemba ya Dar es Salaam au Tanga, sahani ikikaa mezani nusu saa, wageni watashika vidole vilivyopakaa. Nazi haina matatizo hayo.

Mikono kabla ya bakuli

Kila anayeshiriki anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, akate kucha, avue pete na bangili. Watoto hujikuna pua, hulamba vidole, kisha hurudisha mkono bakulini. Hilo halizuiliki kwa kukemea. Kinachosaidia ni kumpa kila mtoto kibakuli chake cha mchanganyiko, na kumruhusu anawe tena kila anapojisahau bila kumfanya aone aibu.

Mtoto anayeharisha au kutapika asiguse mchanganyiko wa watu wengine mpaka zipite siku mbili tangu dalili zikome. Ni vigumu kumwambia hivyo siku ya sikukuu, lakini anaweza kupanga vitonge vilivyofungwa kwenye vikaratasi, au kuchora kadi za kubandika kwenye vifurushi.

Kwenye viambato, cha kuogopa zaidi ni unga mbichi wa ngano. Kuna mapishi yanayosambaa mitandaoni ya donge la biskuti linaloliwa bila kuokwa, likiwa na unga mbichi na wakati mwingine mayai mabichi. Unga unaonekana mkavu na safi, lakini haujauliwa vijidudu. Mwaka 2016 nchini Marekani watu waliugua kwa bakteria aina ya E. coli waliotokana na unga wa ngano. Biskuti za dukani zimekwisha kuokwa, ndiyo maana mapishi haya huanzia hapo. Tumia nazi kavu ya pakiti badala ya nazi mbichi iliyotoka kukunwa, ambayo ina maji na huchacha upesi.

Wanaopenda karanga wazichague moja moja. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu na kukaanga hakuiondoi yote. Hiyo ndiyo sumu iliyosababisha vifo Dodoma na Manyara mwaka 2016, wakati huo ikiwa kwenye mahindi.

Umbo la duara

Hapa ndipo mzazi anapopaswa kuwa makini kuliko kwingine. Kitu cha mviringo, kinachotosha mdomoni kwa mara moja, ni umbo lile lile linaloweza kuziba koo la mtoto mdogo. Kitonge kilichotoka kutengenezwa ni laini na humeguka, ila kikilala kwenye friji usiku kucha huwa kigumu.

Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, usiviringishe. Bonyeza kwa kidole kiwe bapa kama kisahani, au kikate vipande vinne. Usiweke ndani yake karanga nzima, korosho nzima wala pipi ngumu. Karanga zikihitajika zisagwe kabisa. Mtoto ale akiwa ameketi, na mtu mzima awe karibu. Sikukuu hatari huongezeka kwa sababu watoto hula wakikimbia, wakiruka na kucheka na binamu zao, na kila mtu mzima anadhani mwenzake ndiye anayewaangalia.

Mtoto akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe huku ukimwangalia. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, itisha msaada na uanze mara moja. Kwa aliyezidi mwaka mmoja, mwinamishe mbele na umpige mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Isipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, vuta kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara 5. Endelea kubadilishana, 5 mgongoni na 5 tumboni, hadi kitoke. Usiingize kidole mdomoni kutafuta kitu usichokiona, kwani unaweza kukisukuma ndani zaidi. Aliyeminywa tumboni apelekwe hospitali akachunguzwe hata kama amepata nafuu.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja haminywi tumbo kamwe. Hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, akapigwa mgongoni mara 5, kisha hugeuzwa na kubonyezwa katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Vitonge hivi havimfai hata hivyo. Wala asipewe vilivyokandwa kwa asali, kwa kuwa asali inaweza kubeba vimelea vinavyosababisha ugonjwa wa botulizimu kwa watoto wa umri huo.

Sukari kiasi gani?

Kwa vipimo vilivyotolewa hapo juu, kila kitonge kina takribani kijiko kimoja cha chai cha sukari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayopata mtu kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Chama cha Moyo cha Marekani kinaweka kiwango cha juu cha gramu 25 kwa siku, sawa na vijiko sita hivi, kwa watoto wa miaka 2 hadi 18, na kinashauri walio chini ya miaka miwili wasiongezewe kabisa.

Vitonge viwili, basi, havimharibii mtoto sikukuu. Tatizo ni chupa ya soda inayoandamana navyo, ambayo peke yake inaweza kuwa na gramu 35 au zaidi. Vitonge na maji, au soda bila vitonge: mzazi achague. Kwa ajili ya meno, ni afadhali viliwe mara moja baada ya chakula kuliko kudonolewa kimoja kimoja mchana kutwa.

Wanaotaka kupunguza sukari ya kopo wanaweza kukanda biskuti na tende zilizotolewa kokwa na kupondwa. Tende nazo zina sukari nyingi na hunata kwenye meno, tusidanganyane, lakini huja na nyuzinyuzi.

Vikiwa kwenye friji ndani ya chombo kilichofunikwa, vitonge vya maziwa ya kopo viliwe ndani ya siku nne au tano. Bila friji, au umeme ukikatika kwa muda mrefu, viishe siku hiyo hiyo. Unapopeleka sahani kwa jirani, mwambie mapema ndani kuna ngano, maziwa, na karanga kama umeweka, kwa sababu huenda nyumbani kwake yupo mtoto mwenye mzio. Mtoto akivimba midomo, akitokwa na upele ghafla au akianza kupumua kwa shida baada ya kula, akimbizwe hospitali wakati huo huo, bila kusubiri kuona kama itapungua.