Jiwe la Mwaka 2029 na Hofu ya Washarika

Uvumi unaosambazwa kwa simu za mkononi husema kwamba jiwe liitwalo Apophis litaiangukia dunia Ijumaa, Aprili 13, 2029. Mchungaji anayehudumu Mwanza, au katika mwalo wowote wa Ziwa Viktoria, hana budi kulifahamu jambo hili kabla washarika hawajamwuliza kama wauze mitumbwi yao.

Jiwe hilo, lenye upana wa mita 340 hivi, liligunduliwa mwaka 2004. Hesabu za kwanza ziliipa hatari hiyo asilimia 2.7, kwa kuwa njia yake ilikuwa haijapimwa sawasawa. Vipimo vya rada vya mwaka 2021 viliiondoa kwa muda wa miaka mia moja. Litapita kilomita 32,000 hivi juu yetu. Mwezi utakuwa haujaandama, giza ambalo wavuvi wa dagaa hulingojea. Mawingu ya masika yasipozuia, wao wataliona kama nyota hafifu itembeayo.

Vimondo huanguka kweli. Agosti 14, 1992, mawe yalinyesha Mbale, Uganda. Kipande cha gramu 3.6 kilimpiga mtoto kichwani baada ya kupita katika majani ya mgomba, asidhurike. Walakini wako waliosaga mawe yale na kuyala wakiyadhani dawa ya UKIMWI.

Nasi Walutheri tusijitenge na jambo hili. Michael Stifel, mchungaji na mwanahisabati, rafiki wa Luther, alitangaza kwamba dunia ingekwisha Oktoba 1533, ingawa Luther alimkanya. Siku ikapita, naye akaondolewa usharikani. Baadhi ya waumini wake walikuwa wamekwisha kuyaacha mashamba yao.