Hati ya ardhi peke yake haimlindi mrithi

Sisi tuliorudi Rwanda tunaijua thamani ya karatasi. Wazee wetu walianza kukimbilia Tanzania mwaka 1959, wakiacha mashamba yasiyo na hati. Mkataba wa Arusha wa mwaka 1993 ukashauri kwamba aliyekaa ukimbizini zaidi ya miaka 10 asidai ardhi iliyokwishakaliwa na wengine. Tuliporejea, wengi tulianza upya kwenye viwanja vya kugawiwa.

Kati ya mwaka 2009 na 2013 Serikali ilisajili ardhi nchi nzima, zaidi ya viwanja milioni 10. Tukapata hati, tukazifungia sandukuni, tukadhani mambo yamekwisha. Lakini hati inaonyesha mwenye ardhi leo. Haisemi atakayebaki nayo mwenyewe akifariki.

Mwanafunzi wangu mmoja, huku karibu na Rusumo, aliacha ghafla kuja darasani. Baba yake alikuwa akivuka mpaka kufuata mchele. Alipofariki, ndugu zake walimtaka mama wa mtoto afungashe aondoke. Walikuwa wameishi pamoja miaka 12 bila kufunga ndoa ya serikali, na jina la mama halikuwamo kwenye hati. Kilichookoa nyumba ni kuwa marehemu alimwandikisha mtoto kwa jina lake. Mtoto alikuwa mrithi. Mama hakuwa na fungu.

Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani, jambo la kwanza ni hilo. Ndoa inayotambuliwa na sheria yetu ni ya mume mmoja na mke mmoja, iliyofungwa mbele ya ofisa wa serikali. Mahari na sherehe ya kanisani au msikitini havitoshi. Na kila mtoto aandikishwe, hata wa nje ya ndoa.

La pili ni kuchagua njia ya kurithisha. Umunani ni fungu ambalo mzazi humpa mtoto angali hai. Kwa desturi lilikuwa la wavulana, lakini sheria ya urithi ya mwaka 1999 iliwapa wasichana haki sawa na kaka zao. Fungu hilo lihamishwe kwenye usajili mbele ya noteri wa ardhi wa umurenge. Likibaki maneno ya barazani, kesho litaitwa tena shamba la baba. Kumbuka pia kwamba ukishalihamisha, si lako tena.

Anayetaka kubaki na ardhi yake mpaka mwisho aandike irage, yaani wasia. Mrithi hapati kitu mpaka mwenye mali afariki, na mwenye mali anaweza kuubadili wakati wowote.

La tatu linawahusu walionunua kiwanja ng'ambo ya Rusumo kwa jina la rafiki. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi, isipokuwa kwa uwekezaji. Akifa rafiki, kiwanja ni cha watoto wake. Ukifa wewe, wanao hawana cha kuonyesha.

Nasikia wakisema kuandika wasia ni kujiitia kifo. Kifo hakingoji kuitwa, na nimewaona wanaobaki. Kabla ya safari ijayo, mchukue mwenzako, pelekeni hati yenu umurenge, mkaulize ni majina ya nani yaliyomo.