Umeuza Mzigo Wote, Mbona Hela ya Kuagiza Mwingine Haitoshi?

Imeshakutokea? Mzigo umeisha haraka, wateja wamefurahi, ukirudi kuagiza unakuta hela imepungua. Hujaibiwa. Mara nyingi ni matatizo ya uchumi wa dunia yameingia dukani kwako kupitia milango miwili: dola na meli.

MLANGO WA DOLA
Mwaka 2022 maisha yalipanda bei Marekani, mfumuko ukafika asilimia 9.1 mwezi Juni. Benki Kuu yao ikapandisha riba, kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 mwaka 2023. Riba ikinona kule, wenye hela wanazipeleka kule. Huku kwetu dola zikaadimika. Dola ya kama shilingi 2,300 ikavuka 2,700 mwaka 2024. Dawa yao ikawa homa yetu.

MLANGO WA MELI
Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli Bahari ya Shamu. Meli nyingi za Asia kwenda Ulaya zikakwepa Mfereji wa Suez na kuzunguka Afrika Kusini. Utasema, "Mzigo wangu wa Guangzhou kuja Dar haupiti huko." Kweli kabisa. Lakini meli ikizunguka inachelewa kurudi, na makontena yanachelewa nayo. Meli chache, wenye mizigo wengi: nauli inapanda kwa wote.

PIGA HESABU
Mkoba wa dola 5, dola ikiwa 2,300, ni 11,500. Weka usafiri 1,500, jumla 13,000. Umeuza 15,000, umeona faida 2,000, ukaitumia. Dola ikifika 2,700, mkoba uleule na usafiri uleule ni 15,000. Ile haikuwa faida, ulikuwa unakula mtaji!

TUFANYEJE?
Riba ya Marekani hatuipangi sisi. Serikali zina kazi yake, kama kuuza zaidi nje. Benki Kuu ya Tanzania nayo inanunua dhahabu ya ndani kuongeza akiba. Ila wewe usikae kusubiri:

1. Panga bei kwa gharama ya mzigo unaokuja, siyo ulioisha. Hii ndiyo kubwa kuliko zote.

2. Andika bei ya dola kwenye daftari kila unapoagiza. Ikipanda, rekebisha bei mapema, kidogo kidogo. Mteja anavumilia nyongeza ya 500 kuliko ya 3,000 ya ghafla.

3. Usijaze stoo kwa hofu. Kenya dola ilivuka shilingi 160 Januari 2024, miezi michache baadaye ikarudi karibu na 130. Aliyejaza mzigo wa 160 alishindana na aliyeagiza kwa 130.

4. Mteja wa oda achangie malipo ya awali, na usimwahidi tarehe kamili ya kontena kufika.

5. Kwa walio Tanzania: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Weka bei kwa shilingi, hesabu ya dola ibaki kwenye daftari lako.

Leo kabla hujalala, chukua bidhaa moja unayouza sana, uipigie hesabu upya kwa dola ya leo. Imebaki faida au unakula mtaji? Tuambie kwenye komenti.