Jinsi Mashine Inavyonasa Mwendo wa Mtu

Wengi wetu tuliona mpira wa tarehe 22 Novemba, 2022, kule Qatar. Argentina walicheza na Saudi Arabia. Katika kipindi cha kwanza Argentina walitia mpira wavuni mara nne, lakini mabao matatu yakakataliwa. Refa alisema wameotea. Moja la Lautaro Martínez lilizua kelele nyingi, maana macho yetu hayakuona kosa lolote. Kisha ikaletwa picha iliyochorwa na mashine. Kumbe sehemu ndogo ya mwili wake ilikuwa imempita beki! Argentina wakafungwa 2 kwa 1.

Sasa, mashine ilijuaje? Hilo ndilo tunalotaka kueleza leo. Kazi hii inaitwa kunasa mwendo. Hainasi sura ya mtu, wala nguo zake. Inanasa mwendo wenyewe: goti lilikuwa wapi, likaenda wapi, lilijikunja kiasi gani.

Kazi hii si mpya kama watu wanavyodhani. Miaka ya 1880 Mfaransa mmoja, daktari Étienne-Jules Marey, alimvika mtu nguo nyeusi tupu. Juu ya mikono na miguu akaweka mistari myeupe. Akamtembeza mbele ya ukuta mweusi, akampiga picha nyingi juu ya kioo kimoja. Picha ilipotoka mtu hakuonekana. Ilionekana mistari tu, inatembea! Marey alikuwa ameutenga mwendo na mtu.

Siku hizi mahali pa mistari wanatumia vitufe vidogo, ukubwa wa gololi. Vinabandikwa kwenye ngozi, pale penye mifupa: nyonga, goti, kifundo cha mguu, wayo. Kwa kupima miguu peke yake vinatosha 16 hivi. Kwa mwili mzima vinafika 40 au zaidi. Vitufe hivi vimepakwa kitu kinachorudisha mwanga kule kule ulikotoka. Umekwisha kuona kibao cha barabarani usiku, gari likikimulika? Ni namna hiyo hiyo.

Kuzunguka chumba kuna kamera, labda 8, labda 12. Kila kamera ina taa yake, lakini mwanga wake hatuuoni kwa macho. Ni jamaa wa ule mwanga wa rimoti ya televisheni. Taa zinamulika, vitufe vinang'aa, na kamera inaona nukta nyeupe gizani. Inapiga picha 100 au zaidi katika sekunde moja.

Lakini picha ya kamera moja haitoshi. Inaonyesha nukta iko upande gani, haionyeshi iko mbali kiasi gani. Tuchukue mfano. Umesimama juu ya kilima, unaona moshi porini. Unanyosha kidole, "Moto uko kule!" Kule wapi? Huenda ni karibu, huenda ni mbali. Jirani yako yuko kilima kingine, naye ananyosha kidole. Pale mistari ya vidole vyenu inapokutana, ndipo penye moto. Kompyuta inafanya hivyo hivyo kwa kila kitufe na kila picha. Mwishoni inapata hesabu tu, maelfu kwa maelfu. Halafu inaziunganisha nukta hizo zinakuwa mifupa inayotembea kwenye kioo.

Wachezaji wa Qatar hawakubandikwa vitufe, bila shaka. Kule ziliwekwa kamera 12 chini ya paa la uwanja. Kompyuta ilikuwa imefundishwa kwa picha nyingi mpaka ikajua goti ni lipi na bega ni lipi. Ilifuata sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde. Ndani ya mpira nako kulikuwa na kifaa kilichotoa habari mara 500 kwa sekunde, ili ijulikane saa ile ile mguu ulipougusa.

Basi wako watakaosema, "Haya ni mambo ya mpira na sinema, yanatuhusu nini?" Tunajibu kwa habari ya watoto.

Wako watoto wenye mtindio wa ubongo. Ubongo uliumia mapema, misuli ikakaza, na mtoto akitembea anatembea kwa vidole. Kisigino hakigusi chini. Kila anayemwona anasema kano ya kisigino ni fupi, ikatwe irefushwe. Ni kweli kwa baadhi ya watoto. Kwa wengine si kweli kabisa.

Hebu simama, ushike ukuta. Sasa kunja magoti, lakini wayo na mguu vibaki pembe ile ile kama uliposimama wima. Umeona? Kisigino kimenyanyuka chenyewe! Kano yako si fupi hata kidogo. Kosa liko gotini. Wako watoto wanaotembea hivyo. Misuli ya nyuma ya paja na ya nyonga ndiyo iliyokaza, na kisigino kinabeba lawama tu.

Mtoto wa namna hii akirefushwa kano ya kisigino, kisigino kitashuka na wazazi watafurahi. Lakini msuli wa nyuma ya mguu ndio unaouzuia mguu usianguke mbele. Sasa umelegezwa. Goti linazidi kukunjika, mtoto anatembea kama aliyechuchumaa, anachoka upesi, na wengine huacha kutembea. Kano iliyorefushwa kupita kiasi ni vigumu sana kuirudisha.

Ndiyo maana zipo hospitali zenye chumba cha kupimia mwendo. Mtoto anabandikwa vitufe, anatembea huku na huku mara kadhaa, bila kuchomwa sindano. Sakafuni kuna bamba linalopima nguvu ya mguu unapokanyaga. Juu ya misuli kuna vipande vya kupima umeme wake, kuona upi unafanya kazi na upi umelala. Zamani mtoto alipasuliwa mahali pamoja mwaka huu, pengine mwakani, hata madaktari wakasema kwamba mtoto anasherehekea kila siku yake ya kuzaliwa akiwa hospitali. Vipimo hivi viliwasaidia kupanga yote yafanywe kwa mara moja.

Nao akina mama wanaobeba mizigo kichwani wamepimwa. Mwaka 1986 G. M. O. Maloiy wa Nairobi na wenzake walitoa taarifa kwamba wanawake wa Kenya waliozoea waliweza kubeba mzigo wa sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi. Yaani mama wa kilo 60 na mzigo wa kilo 12! Mwaka 1995 ilichapishwa habari nyingine, ya kuwatembeza juu ya bamba la kupimia nguvu. Mtu akitembea mwili hupanda na kushuka kama bembea, na kila hatua nguvu kidogo hupotea. Akina mama hao walipobeba walipoteza kidogo kuliko watu wengine. Lakini uchunguzi wa Afrika Kusini wa mwaka 2010 haukuona nafuu hiyo. Na hata kwa wale wa Kenya, asije mtu akasema mzigo si kitu. Shingo ni shingo.

Sinema tutazigusa tu. Yule Gollum wa mwaka 2002 amechorwa na kompyuta, lakini mwendo wake ni wa mwigizaji Andy Serkis. Katika Avatar ya mwaka 2009 waigizaji walivaa kamera ndogo mbele ya uso, hata mkunjo wa mdomo ukanaswa.

Shida ya chumba cha kupimia mwendo ni bei. Chumba, kamera na mafundi wake ni fedha nyingi mno. Ndiyo maana watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitengeneza programu iitwayo OpenCap. Unasimamisha simu mbili pembe mbili, mtu anatembea katikati, kompyuta inatafuta viungo yenyewe kama kule Qatar. Haijafikia usahihi wa vitufe. Tena anayepimwa inafaa avae nguo inayobana au kaptura. Kama amejifunga kanga mpaka chini, goti halionekani na kompyuta itakisia.