Je, Wajua? Surua Hubaki Darasani Mgonjwa Akishaondoka

Mtoto wa chekechea mwenye surua akikohoa, virusi vyake huweza kuelea hewani kwa muda wa hadi saa 2 baada ya yeye kuchukuliwa nyumbani. Tena huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokeza, anapoonekana ana mafua tu na macho mekundu, huku akigombania kikombe na wenzake. Kati ya watoto 10 wasio na kinga waliokaa naye karibu, hadi 9 huambukizwa.

Kwa hiyo mwalimu asingoje kikao cha wazazi. Apige simu siku hiyohiyo, maana chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtoto akutane na mgonjwa huweza kuzuia ugonjwa au kuupunguza makali. Mzazi atazame kadi ya kliniki: Tanzania na Kenya dozi ya kwanza hutolewa miezi 9, ya pili miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo husahaulika. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya apewe vitamini A, inayosaidia kuyalinda macho yasipofuke, kisha abaki nyumbani hadi siku 4 zipite tangu vipele vitokeze. Mwenye kichanga nyumbani amweleze mhudumu wa afya mapema, maana aliye chini ya miezi 6 hachanjwi surua.