Nta Iliyopatana na Maji

Chukua krayoni ya mtoto wa chekechea, chora mstari kwenye karatasi, kisha pitisha juu yake brashi yenye maji. Maji yatajikusanya kuwa matone na kuteleza. Mstari utabaki ulivyo. Sasa fanya hivyohivyo kwa pasteli ya rangi ya maji, ambayo kwa umbo ni pacha wa krayoni hiyo. Mara mstari unalainika, unafumuka na kutapakaa kama wino kwenye kitambaa. Vijiti vyote viwili vina nta. Mbona kimoja kinayakataa maji na kingine kinayapokea?

Mafundi wa batiki wanaijua nusu ya jibu. Hupaka nta ya moto kwenye kitambaa, wakakitumbukiza katika beseni la rangi, na palipo na nta rangi haiingii. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo, hivyo molekuli hizo huvutana zenyewe kwa zenyewe. Nta ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni isiyo na mvuto wa namna hiyo. Maji yakikosa pa kushika, hurudi kushikana yenyewe kwa yenyewe.

Nusu ya pili iko jikoni. Sufuria yenye mafuta haitakati kwa maji matupu. Sabuni ndiyo msuluhishi, maana molekuli yake ina mkia unaopenda mafuta na kichwa kinachopenda maji. Pasteli ya rangi ya maji nayo imetiwa viambato vyenye tabia hiyo, au nta za viwandani zinazoyeyuka majini. Brashi ikipita, viambato hivyo huziachia chembe za rangi. Chembe zenyewe haziyeyuki. Zinaelea na kusafiri.

Usuluhishi huu una historia. Kampuni ya Caran d'Ache, iliyoanzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1915, ilitoa penseli za rangi zinazokubali maji mwaka 1931. Mwaka 1952 ikaleta pasteli za nta za Neocolor, zisizoshikana na maji, na baadaye Neocolor II, zinazoyakubali. Jina la kampuni lenyewe linatokana na neno la Kirusi lenye maana ya penseli.

Mchoraji anayeanza hushangazwa na jinsi rangi inavyokolea ghafla inapolowa. Siri iko kwenye karatasi. Uso wake una vilima na mabonde madogo. Pasteli kavu hukwaruza vilimani tu, mabonde yakabaki meupe na kuifanya rangi ionekane imepauka. Maji huisukuma rangi hadi mabondeni. Maji hayohayo huvimbisha nyuzi za karatasi, ndiyo maana karatasi nyembamba hujikunja. Wengi huchagua karatasi ya rangi ya maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba.

Kisha, rangi iliyolowa ikikauka, linakuja duara lenye ukingo uliokolea. Mwaka 1997, Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza katika jarida la Nature kwa nini tone la kahawa likikauka mezani huacha ukingo uliokolea. Ukingo wa tone hunasa mahali pake, na maji huvukiza upesi zaidi hapo. Maji ya katikati hukimbilia ukingoni kujaza pengo, yakibeba chembe mgongoni. Pasteli iliyolowa hufuata sheria hiyohiyo. Anayetaka ukingo mkali wa jani au paa huliacha dimbwi la maji na rangi likauke lenyewe. Anayetaka anga laini hulowesha karatasi kwanza, kisha hufyonza maji ya ziada kwa brashi iliyokamuliwa.

Ila suluhu hii haina mwisho. Mchoro ukikauka, nta yake bado inayakubali maji. Brashi ya safu ya pili ikisugua kwa nguvu, safu ya kwanza huamka na rangi mbili safi zikawa tope. Kwa hiyo mchoraji hupitisha mkono mwepesi, na kazi ikiisha huiweka nyuma ya kioo, mbali na ukuta wenye unyevu. Nta ya batiki huyeyushwa na kutolewa kazi inapokamilika. Nta ya pasteli hubaki ndani ya picha, ikisubiri tone lingine.