MVUA ILINYESHA WAPI?

Ukiulizwa leo unataka kuwa nani baada ya shule, bila shaka utajibu daktari, wakili, rubani au mhandisi. Mimi nikisema nataka kuwa mtafiti wa hatari za tabianchi, wenzangu hucheka. Eti, utakuwa unauza mvua? Basi nimeshika kalamu nieleze kazi hiyo ni ipi, maana inatuhusu sisi wa Migori na Homa Bay kuliko tunavyodhani.

Kazi yenyewe huanza na swali dogo tu: mvua ikikosa, hasara ni ya nani? Huku kwetu jibu limekuwa moja tangu jadi, kwamba ni ya mkulima. Bima ya kawaida haimfai mwenye ekari moja. Kumtuma mkaguzi atoke mjini aje kutazama mahindi yaliyonyauka Ndhiwa au Nyatike kwaweza kugharimu kuliko mahindi yenyewe! Ndipo wataalamu wakabuni bima ya kipimo. Hapa hakuna mtu anayekuja shambani. Kampuni hutazama kipimo cha mvua, na kikiwa chini ya kiwango walichokubaliana, wakulima wote wa eneo lile waliokata bima hulipwa.

Usidhani mambo haya yako ng'ambo. Mwaka 2009 mpango wa Kilimo Salama ulianza Laikipia, ukitumia vituo vya kupimia hali ya anga na kulipa fidia kwa M-Pesa. Mwaka 2010 ikaanza bima ya mifugo kule Marsabit, iliyobuniwa na watafiti wa ILRI, Nairobi, pamoja na wenzao. Wao walitumia setilaiti kupima ukijani wa malisho. Mkenya mmoja aliyeongoza kazi hiyo, mwanauchumi Andrew Mude, alipewa tuzo ya Norman Borlaug mwaka 2016.

Sasa hebu tupige hesabu kidogo, na usifunge jarida kwa sababu umesikia neno hesabu. Chukua mfano wa kubuni. Mtafiti ana kumbukumbu za mvua za miaka 30, na katika miaka 5 mvua ilikuwa chini ya kiwango. Yaani mwaka mmoja katika sita ni mbaya. Ikiwa fidia ni shilingi 12,000, ada ya bima isipungue shilingi 2,000 kwa mwaka, kabla kampuni haijaongeza gharama na faida yake. Rahisi, sivyo? Lakini tuseme miaka mitatu kati ya hiyo mibaya imo katika miaka 10 ya mwisho. Ukihesabu kwa miaka hiyo 10 peke yake, ada inaruka hadi 3,600. Je, tutumie hesabu ipi? Ukichagua ya kwanza na kumbe mvua zimebadilika kweli, kampuni itafilisika na wakulima wakose fidia. Ukichagua ya pili, mkulima maskini hatamudu kulipa. Hapo ndipo mtafiti hukesha, na kompyuta peke yake haitamwamulia.

Halafu kuna pengo kati ya kipimo na shamba. Shangazi yangu anayelima karibu na ziwa aliwahi kukata bima kwa kampuni moja. Mahindi yake yalikauka yakiwa yamefika magotini. Akapata ujumbe kwamba mvua ilitosha. Aliniuliza, "Mtoto wa kaka yangu, hiyo mvua yao ilinyesha wapi?"

Swali hilo lina jibu. Panda matatu Migori uende Homa Bay kupitia Awendo na Rongo. Utapita mashamba ya miwa iliyositawi, kisha ukishuka kuelekea ziwani utaona nchi inavyozidi kukauka. Safari si ndefu, lakini mvua si moja. Sasa kumbukumbu za CHIRPS, ambazo watafiti wengi huzitumia, zilianza mwaka 1981 na huunganisha picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini. Kila mraba wake una upande wa kilomita 5 na nusu hivi. Ndani ya mraba mmoja mna vilima na mabonde, na wote huandikiwa mvua ile ile. Na pale vituo vilipo haba, setilaiti inabaki kukisia. Kwa maoni yangu, kampuni inayouza bima bila kumweleza mkulima jambo hili haimtendei haki, hata kama mkataba umeandikwa sawasawa.

Si wakulima peke yao. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita rekodi ya mwaka 1964, na maji yakaingia majumbani ufuoni. Benki iliyokuwa imemkopesha mwenye hoteli pale, itadai nini? Mwaka 2021 Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wa kuzitaka benki zipime hatari za namna hii. Kwa hivyo benki nazo zinamhitaji mtafiti.

Masomo yake je? Hesabu kwanza, hiyo haikwepeki. Kisha jiografia, kompyuta na biashara. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha hesabu za bima na pia elimu ya hali ya anga. Baadaye unaweza kufanya kazi Idara ya Hali ya Anga pale Dagoretti Corner, au kituo cha IGAD kilichoko Ngong, au kampuni za bima. Na Kiswahili pia msikidharau, maanake ni nani atakayemweleza shangazi mkataba?

Kwa sasa naanzia hapa hapa. Kipimamvua cha shule kiko nyuma ya maabara na husomwa kila siku saa tatu asubuhi, hata Jumapili. Daftari lina nafasi za wasomaji wawili wa zamu ya likizo. Anayetaka anione darasani, Kidato cha Tatu.